Tupeane uzoefu: sedani ya saizi ya kati isiyokusumbua, mpya au iliyotumika

Spana Kumi
Wakuu, swali ni lilelile kila siku: Camry au Accord, Altima au Sonata, Mazda 6 au Passat. Jina la kwenye buti halikuambii kitu mpaka ujue injini gani, gia boksi gani, mwaka gani. Jina hilohilo lina gari la kudumu na gari la kukufilisi, na yamepishana miaka miwili tu.

Naanza na Camry maana ndiyo watu hununua wakiwa wamefumba macho. Ya 2007 hadi 2009 ya silinda nne ina injini ya 2AZ-FE, 2.4. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni, pale inapokaa ringi ya oili, ni madogo. Yanaziba kwa kaboni, ringi inaganda, oili inapanda juu na kuungua. Chini pakavu kabisa, hakuna tone, lakini kiwango kwenye stiki ya kupimia oili kinashuka. Ikila lita moja kwa kilometa 2,000 au pungufu, hiyo imeshaugua. Oili nzito inaficha tu, dawa yake ni pistoni na ringi mpya. Kuanzia toleo la 2010 iliwekwa 2AR-FE, 2.5, na ugonjwa huo ukaisha. Hiyo ya pili iangalie pampu ya maji, hupenda kuvuja.

Haya, kila mtu aweke anachokijua: kinaharibika nini, kwa nini, na unakikaguaje kabla hujatoa hela.

Nyuzi za Bolti
Mkuu umenikumbusha 2AZ, lakini hujaimaliza. Zile za 2002 hadi 2006 zina shida nyingine mbaya zaidi. Nyuzi za bolti za silinda hedi, upande wa nyuma unaotazama kabini, zinachomoka kwenye bloku ya aluminiamu. Hedi inapoteza mkazo, gasketi inapitisha, maji yanapungua kidogokidogo, halafu siku moja injini inachemka. Fundi asiyejua anabadilisha gasketi, anakaza bolti, bolti inazunguka bure. Hapo lazima tundu litobolewe upya na kuwekwa nyuzi za chuma, vinginevyo gasketi mpya haifiki mbali.

Kukagua ni rahisi: tochi na kioo kidogo cha mkononi, chungulia nyuma ya injini pale hedi inapokutana na bloku. Ukiona ukungu wa pinki uliokauka, yaani maji ya kupoza injini yaliyovuja, ondoka.

Stiki Kwanza
Naunga mkono. Na ukague injini ikiwa baridi. Ukifika ukakuta boneti ina joto, ujue imewashwa kabla hujaja ili usisikie kitu.

Mkanda na Cheni
Kuhusu Accord, tenganisheni V6 na silinda nne. V6 ya J35 inatumia mkanda wa taiming, unabadilishwa kwenye kilometa 160,000 hivi au miaka saba, kinachotangulia. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni na injini imekwisha. Unapobadilisha weka pia pampu ya maji, tenshena (kikaza mkanda) na rola zake, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile. Muuzaji akisema "mkanda ulibadilishwa" bila risiti wala kilometa zilizoandikwa, hesabu kwamba haujabadilishwa na punguza kwenye bei.

V6 za 1998 hadi 2004 zenye gia otomatiki ziacheni. Kwenye za 2003 na 2004 gia ya pili ilikuwa inapata joto kupita kiasi, meno yanakatika. Za 2008 kwenda mbele zinazozima baadhi ya silinda ili kubana mafuta, kagua kama zinakula oili na kuchafua plagi: chomoa plagi zote sita uone kama kuna zenye masizi ya oili.

Silinda nne, K24, ina cheni na ni injini ngumu. Ya 2008 hadi 2012 ikiwashwa baridi inaweza kulia "krrrr" sekunde moja au mbili. Ni gia ya kamshafti upande wa kuingiza hewa. Haitakuacha njiani kesho, ila ni kitu cha kuombea punguzo.

Gia Tano
Mimi nasema kwa kifupi: CVT yoyote (gia otomatiki isiyo na hatua za gia), kimbia. Altima ya 2013 hadi 2016 ndiyo ushahidi. Nissan wenyewe waliongeza dhamana ya gia boksi zile Marekani, hadi miezi 84 au maili 84,000. Mtengenezaji haongezi dhamana kwa kitu kizima.

Oili Sahihi
Kaka Gia Tano, unatisha watu bure. Kilichoua nyingi ya CVT hizo ni joto na oili. Ndani kuna mkanda wa chuma uliobanwa na puli mbili za koni. Mkanda ukiteleza hata kidogo unakwangua puli, unga wa chuma unaingia kwenye bodi ya valvu, na kuanzia hapo ni kuteremka tu. Oili ya CVT imetengenezwa ili chuma kishikane na chuma bila kuteleza. Ukimimina oili ya gia otomatiki ya kawaida unaiua. Nissan inataka NS-2 au NS-3 kulingana na toleo, Honda inataka HCF-2, hazibadilishani. Badilisha kila kilometa 50,000 mpaka 60,000 hata kama kitabu kinasema zaidi.

Kuipima: endesha dakika 30 mpaka ipate joto kabisa, kisha tembea kati ya kilometa 30 na 60 kwa saa huku umekanyaga mafuta kidogo. Ikitetemeka kama inapita juu ya matuta madogomadogo, ndiyo hiyo. Kisha panda mlima: mizunguko ikipanda na mwendo usipande, usinunue.

Gia Tano
Sasa kama inahitaji uangalizi wote huo, mtu wa kawaida ataiweza? Oili ya dukani haijulikani ya kweli wala ya bandia. Nabaki pale pale.

Oili Sahihi
Basi angalau usiseme "yoyote". Camry ya haibridi nayo inaitwa CVT, lakini ndani haina mkanda wala puli. Ni seti ya gia za sayari na mota mbili za umeme, na ni kati ya gia boksi zinazovumilia sana. Kwenye haibridi kagua feni ya kupoza betri, mdomo wake uko karibu na kiti cha nyuma. Ukiziba kwa vumbi na nywele za mbwa, betri inachemka na kuzeeka mapema. Hii ni kazi ya nusu saa na brashi.

Tope Chini ya Zulia
Mnabishana gia boksi, wengine wananunua gari lililozama. Sikilizeni hili.

Sedani nyeusi, miaka minne, kilometa 38,000. Ngozi inang'aa, injini imeoshwa mpaka unaweza kulia chakula juu yake. Mnunuzi alipima kompyuta, hakuna kosa hata moja, akalipa. Mwezi wa pili taa ya ABS ikaanza kuwaka na kuzima. Ikafuata ya eabegi. Kisha dirisha la nyuma likawa linashuka lenyewe. Kila fundi alibadilisha kitu: sensa ya gurudumu, swichi ya dirisha, betri. Taa zinazima siku tatu, zinarudi.

Usiku mmoja, gari liko kasi ya 100 kwenye barabara kuu, kila kitu kikakatika kwa pamoja. Injini, taa za mbele, deshibodi, usukani wa umeme. Giza. Usukani ukawa mzito kama wa lori, breki zikabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu kisha kanyagio likawa jiwe. Dereva hakupampu breki. Alikanyaga mara moja na kushikilia, akalivuta usukani kwa mikono yote miwili mpaka pembeni. Lori lililokuwa nyuma lilipita limepiga honi.

Walipong'oa viti na zulia ndipo ukweli ukaonekana. Sufi ya chini ya zulia bado ina unyevu. Bolti za viti nyekundu kwa kutu. Ndani ya deshibodi kuna mstari wa tope usawa wa redio. Nyaya nyingi za hasi hukusanywa na kufungwa kwenye bodi, na sehemu ile ya kufungia, chini ya kizingiti cha mlango, ilikuwa imeliwa mpaka ukigusa inameguka. Ndiyo maana kila kitu kilikuwa kinakufa na kufufuka.

Stiki Kwanza
Mungu wangu. Sasa kompyuta haikuonyesha kwa nini?

Tope Chini ya Zulia
Kwa sababu kumbukumbu ya makosa ilifutwa. Mashine nzuri inaonyesha pia kama majaribio ya ndani ya mfumo wa moshi yamekamilika. Yakiwa mengi hayajakamilika, ama kumbukumbu imefutwa siku hizihizi ama betri ilichomolewa. Waambie mtarudi baada ya gari kutembea siku kadhaa. Anayeficha kitu atakataa.

Na vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Watu huosha kila kitu, wanausahau mkanda uliojikunja ndani. Utakuta mstari wa maji pale. Nyanyua tairi la akiba, pitisha kidole kwenye pembe za chini. Chungulia taa za mbele kama zina ukungu.

Nyuzi za Bolti
Likikaushwa vizuri na viunganishi vikasafishwa si linaweza kutumika? Maji baridi si kama maji ya bahari.

Tope Chini ya Zulia
Hapana ndugu yangu. Viunganishi vya gari la kisasa ni mamia, na moduli ya eabegi mara nyingi iko chini, katikati ya viti. Utasafisha unavyoviona. Usimshauri mtu mwenye watoto kitu hicho.

Nyuzi za Bolti
Sawa, nimeelewa, nafuta kauli.

Kranki
Turudi kwenye kuchagua. Sonata yenye injini ya 2.4 Theta II iliitwa kiwandani kurekebishwa, za 2011 na 2012 mwaka 2015, za 2013 na 2014 mwaka 2017, kwa sababu mabaki ya chuma kutoka kwenye uchongaji wa kranki shafti yaliziba njia za oili, beringi za konrodi zikafa. Kia Optima ina injini hiyohiyo. Usiikatae moja kwa moja: tafuta iliyobadilishiwa injini na ina karatasi. Bila karatasi, acha. Sauti yake ni kugonga kunakoongezeka na mizunguko, kunakosikika chini ya injini na si juu.

Na kila gari, ingiza namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 kwenye ukurasa wa mtengenezaji uone kama ina wito wa kiwandani ambao haujafanyiwa kazi. Eabegi za Takata zilifungwa kwenye magari ya makampuni mengi, Accord na Mazda 6 zikiwemo. Bomba lake likipasuka linarusha vipande vya chuma usoni. Hilo halisubiri mwezi wa mshahara.

Wa Zero Kilometa
Nyote mnazungumzia yaliyotumika. Mwenye uwezo achukue jipya, ila asichukue mwaka wa kwanza wa toleo jipya kabisa. Subiri mwaka wa pili, kasoro za mwanzo ziwe zimerekebishwa. Ukiweza kuchagua injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini), chagua hiyo: sehemu chache za kuchemka. Kilometa 1,000 za mwanzo usikanyage mpaka mwisho na usikae mwendo mmoja kwa muda mrefu.

Mkanda na Cheni
Mimi ningechukua la miaka mitatu au minne lenye kitabu cha sevisi. Mpya linapoteza thamani kubwa zaidi miaka ile ya mwanzo, na aliyelipia hasara hiyo ni mwingine.

Stiki Kwanza
Mwenye swali la Passat na Mazda 6 hajajibiwa.

Spana Kumi
Mazda 6 ya 2014 kwenda mbele, 2.5 Skyactiv, gia otomatiki ya kawaida ya sita, ni chaguo zuri. Passat uliza kwanza ina DSG (gia boksi ya klachi mbili) ipi. Yenye klachi za kwenye oili, ya gia sita, badilisha oili na filta kila kilometa 60,000. Ile ya gia saba yenye klachi kavu ikitetemeka kuondoka gia ya kwanza au rivasi, klachi zimeisha. Kabla ya yote pima mgandamizo wa silinda zote: zikitofautiana zaidi ya asilimia 15, msijadili hata rangi.