Tupeane uzoefu: uliahidiwa "namba moja Google", ukaishia wapi?

Wakuu habari za leo. Naanzisha uzi huu kwa uchungu maana nimepoteza msimu mzima.

Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha, magari matatu tu. Jamaa wa tovuti alichukua milioni moja na laki mbili, akaniahidi ndani ya miezi miwili nitakuwa juu kabisa Google. Na kweli simu zikaanza kuita, wageni wa Ujerumani na Uholanzi. Nilimsifia kila kona. Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, kimya. Natafuta jina la kampuni yangu mwenyewe, silioni.

Mtoto wa dada yangu anasoma kompyuta. Akafungua ukurasa wa mbele, akavuta mausi kutoka juu hadi chini. Pale kwenye weupe chini ya picha ya Ngorongoro yakajitokeza maandishi ya Kiingereza: safari nafuu Serengeti, safari nafuu Serengeti, mstari baada ya mstari. Nilihesabu mara 64. Herufi nyeupe juu ya weupe, mgeni haoni, Google inasoma. Kulikuwa pia na kurasa 40 za miji ya Ujerumani, maneno yale yale, limebadilishwa jina la mji tu.

Kilichoniuma zaidi: taarifa ya adhabu kutoka Google ilishatumwa miezi saba nyuma. Akaunti ya Search Console, chombo cha Google ambako mwenye tovuti hupokea taarifa za tovuti yake, ilikuwa kwa imeili ya jamaa. Aliisoma, akanyamaza, na hela ya matengenezo ya kila mwezi akaendelea kupokea.

Wewe yalikukuta yapi?

Mdau wa Mombasa
Pole sana ndugu yangu. Mimi nauza spea za magari. Wangu alininunulia linki 5,000 kwa mkupuo, yaani tovuti nyingine zielekeze kwenye yangu ili Google inione maarufu. Nilipokuja kuzifungua, nyingi zilitoka tovuti za kamari, lugha hata sizijui. Google ilishaanza kuzibana linki za namna hii tangu Aprili 2012 ilipoleta Penguin, mabadiliko ya namna inavyopanga matokeo, kwa hiyo aliniuzia kitu alichojua fika kina madhara.

Mdau wa Paje
Nina nyumba ya wageni. Alinitungia maoni 30 ya nyota tano kwenye ramani ya Google, bila kuniambia. Mgeni akafika na mabegi yake, akauliza bwawa la kuogelea liko wapi, kasoma watu wanalisifia. Sina bwawa. Niliona haya mbele ya yule mama, nikamrudishia nusu ya pesa yake.

Fundi, Dar
Wakuu, mimi kazi yangu ni hii hii, na yananiuma kuyasoma. Google yenyewe imeandika kwenye mwongozo wake kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja. Akikuahidi, ondoka. Na adhabu haichagui mdogo: Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa Google kwa kurasa zilizotengenezwa kuivutia Google tu, kama hizo 40 za mkuu. Walizitoa, wakarudishwa. Nawe futa uchafu wote, kisha omba ukaguzi upya humo humo Search Console, ueleze ukweli wa kilichofanyika.

Jina la tovuti liandikishwe kwako, si kwa fundi. Search Console uwe mmiliki wewe, yeye mwongeze kama mtumiaji. Muulize pia programu jalizi (plugin, vile viprogramu vya kuiongezea tovuti uwezo) alizoweka amezipata wapi, maana za wizi mara nyingi huja na linki zilizofichwa. Mafundi wengine huzificha linki hizo wenyewe, tovuti yako inabeba wateja wao wengine nawe hujui. Fungua ukurasa wako, bonyeza Ctrl na A, uangalie maandishi yanayojitokeza.

Mdau wa Mwanza
Mkuu nimebonyeza sasa hivi kwenye tovuti ya chekechea yetu. Chini kabisa, chini ya namba ya simu ya mwalimu mkuu, kuna linki tisa za kubeti. Nampigia jamaa, hapokei.