MREJESHO: Kuwafundisha madiwani wapya kanuni za vikao

Wakuu, habari zenu. Niliuliza hapa: mimi mwandishi wa mihtasari kwenye halmashauri moja huku Dodoma, nianzeje kuwafundisha madiwani wapya Kanuni za Kudumu, yaani zile zinazoongoza vikao vya baraza?

Aliyenishauri nianze kwa Mkurugenzi, kwa kuwa ndiye katibu wa baraza, ubarikiwe. Alikubali, ila akataka mwanasheria wetu awepo. Na wewe uliyesema "usiwasomee, waigize kikao", hapo ndipo penyewe! Katika kikao hicho cha kuigiza tulibishania ukarabati wa lambo: hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, ikaletewa marekebisho, ikapigiwa kura. Mama mmoja aliyekaa kimya asubuhi nzima ndiye aliyesimama na "kuhusu utaratibu, Mwenyekiti", yaani kanuni imekiukwa, tena alikuwa sahihi. Nilifurahi mno.

Kilichokwama ni watendaji wa kata, ambao ndio makatibu wa kamati za maendeleo za kata. Fungu la nauli halikupatikana, kwa hiyo bado hawajafikiwa. Halafu madiwani wengi bado wanaikimbilia kura ya hoja kabla ya ile ya marekebisho. Atakayefundisha baada yangu alitengee somo hilo muda mrefu kuliko mengine yote.

Asanteni sana, wakuu.