Mtoto kaacha shule kidato cha tatu, baba yake kakata matunzo. Ni haki yake?

Mama D
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada hasa wanaojua mambo ya sheria. Nina kijana wangu ana miaka 16, mimi na baba yake tuliachana zamani na mwaka 2017 mahakama ikaamuru awe anatoa laki moja kila mwezi ya matunzo, na kiukweli alikuwa anatoa, anachelewa chelewa lakini inafika. Sasa mwaka huu mwezi wa nne mtoto kagoma kabisa kwenda shule, nimeongea nimechoka, nimemwita mjomba wake, mwalimu wa darasa kaja mpaka nyumbani, wapi. Saivi anashinda gereji hapa mtaani anajifunza ufundi, wanampa buku mbili ya kula na siku nyingine hawampi kitu. Baba yake kusikia hivyo tu kanipigia simu, anasema yeye alikuwa anasomesha, kama mtoto hasomi basi na yeye kamaliza, ni mwanaume huyo ajitafutie. Huu ni mwezi wa tatu mfululizo hajatuma hata mia. Jamani huyu mtoto anakula kwangu, analala kwangu, juzi kaugua taifodi nimekopa kwenye kikoba. Kweli mtoto akiacha shule na matunzo yanaisha?

Kibatari
Pole sana dada. Hayaishi. Mimi ni msaidizi wa kisheria na hili swali nakutana nalo kila mara, watu wanachanganya ada na matunzo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inasema mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, haijasema mtoto ni mwanafunzi. Matunzo ni chakula, malazi, mavazi, matibabu, na elimu nayo imo humo ila haiko peke yake. Amri ya mahakama inakoma mtoto akifika 18, au akipata ajira ya kumwingizia kipato kabla ya hapo. Hapo kwenye ajira ndipo baba atakapong'ang'ania kwa hiyo jiandae, ila buku mbili ya kula kwa kijana anayejifunza kazi mimi siioni kuwa ni ajira, waulize wenye gereji kama wana mkataba naye au mshahara, kama hawana mwambie fundi mkuu akuandikie hata karatasi kwamba yupo pale anajifunza.
Nikuulize kitu, hiyo laki moja ni amri ya mahakama kweli au mliandikishana ustawi wa jamii? Maana wengi wana makubaliano ya ustawi wanayaita hukumu, na njia ya kudai ni tofauti.

Baba Wawili
Nitaongea kama baba ninayetoa matunzo. Uchungu wake naujua, unajinyima mtoto asome halafu unaambiwa kaacha, tena unaambiwa na watu baki. Dada ulimwambia wewe mwenyewe au kasikia? Pamoja na hayo kakosea, amri ya mahakama huikati mwenyewe kwa simu. Mimi kazi iliposimama 2020 nilirudi mahakamani kuomba kiwango kipunguzwe, wakaangalia kipato changu na cha mama yake na watoto wengine nilionao, wakashusha. Na yeye mlango huo anao, kama anaona mtoto kajitegemea aende akaseme mbele ya hakimu. Kunyamaza tu deni linazidi kupanda.

Bi Mkubwa wa Ubungo
Yaani hawa wanaume. Enzi zetu ilikuwa sheria ya zamani, kiwango cha juu kwa mtoto wa nje ya ndoa ni shilingi mia kwa mwezi, MIA, mpaka ikafutwa na hii ya 2009. Mimi yalinikuta, binti yangu alikatisha kidato cha pili, nikampeleka VETA ushonaji, ada ya kutwa ilikuwa 60,000 kwa mwaka, na akatimiza 18 akiwa bado chuo. Baba mtu akasema basi. Nikarudi mahakamani na barua ya chuo, maana kama mtoto yuko kwenye masomo au mafunzo mahakama inaweza kuacha amri iendelee hata baada ya 18, wakaendeleza mpaka akamaliza. Lakini LAZIMA uombe, haijiendelezi yenyewe, na usingoje apitilize. Mwanao ana 16, kama anapenda magari mpeleke ufundi magari akapate cheti. Na kama ataka kurudi darasani baadae kuna QT, yaani mtihani wa maarifa kwa walio nje ya shule, kisha anafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mimi ningeanza na mtoto kwanza kabla ya baba. Kwanini kagoma? Wangu nilikuja kujua mwaka mzima baadae kuwa kuna mwalimu alikuwa anamsumbua.

Mama D
Asanteni jamani nimesoma yote na machozi. Kibatari ni amri ya mahakama ya watoto, nakala ninayo ina muhuri. Baba Wawili ni kweli sikumwambia mimi, niliona aibu, nikawa natumaini mtoto atarudi. Na bi mkubwa umenigusa, jana usiku nimekaa naye nikamuuliza bila kugomba, kasema hesabu haelewi kabisa na wenzake wanamcheka wanamwita babu maana aliwahi kurudia darasa. Hajawahi kuniambia.

Kibatari
Basi una nguvu. Chukua nakala ya amri, cheti cha kuzaliwa, na meseji za simu zinazoonyesha lini alituma mara ya mwisho, nenda mahakama ileile uombe utekelezaji wa ile miezi mitatu. Kama ana mshahara mahakama inaweza kuamuru ukatwe huko huko. Pitia kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, na kama huna hela ya wakili TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake) wanasaidia bure. Mtumie na baba yake meseji ya heshima umweleze ulichotuambia hapa kuhusu hesabu, hiyo hajui. (Walioko Zanzibar msifuate haya, kule kuna sheria yao ya 2011.)

Mama D
Meseji nimetuma. Kajibu "nitakuja Jumapili niongee nae". Jumatatu naenda mahakamani vilevile.