Naomba ushauri: chakula kikavu cha paka anayesumbuliwa na tumbo

Habari zenu wapendwa. Nina paka jike wa miaka 3, nakaa naye Tabata. Tangu mwezi uliopita anaharisha, na asubuhi nyingi nakuta katapika punje nzima nzima kwenye zulia, hazijasagika hata kidogo. Daktari wa mifugo kampima kinyesi, minyoo hakuna, akashauri nibadilishe chakula. Maziwa nilishaacha kumpa, dagaa pia.

Nilikuwa namnunulia kile cha kupima kwa kilo, mfuko unashinda wazi dukani siku nzima. Nahisi shida ilianzia hapo.

Sasa nimebaki kati ya aina mbili za chakula cha paka wenye shida ya tumbo, Royal Canin Gastrointestinal na Hill's i/d. Zote bei imechangamka, nikikosea sina uwezo wa kununua mara ya pili. Aliyewahi kuzitumia, ipi ilimtuliza paka wako, na baada ya siku ngapi?

Najua inatakiwa kuchanganya kidogo kidogo na cha zamani kwa siku 7 hadi 10. Lakini kama cha zamani ndicho kinachomdhuru? Nimpe kwanza kuku wa kuchemsha bila chumvi? Amekonda jamani, nikimpapasa mbavu nazihesabu.