Naomba ushauri: linki fupi zinanionyesha wateja wa Uholanzi

Habari zenu ndugu zangu. Nauza vitenge Kikuubo, Kampala, na mwezi huu nimeanza kufupisha linki ya oda kwa Bitly ili nijue tangazo lipi linaleta watu. Nimetengeneza tatu, zote zinaenda ukurasa uleule: moja ya Facebook, moja ya TikTok, moja ya status ya WhatsApp.

Shida ni hesabu. Jumanne niliweka picha ya kitenge cha bluu chenye maua ya manjano. Kufikia jioni linki ya Facebook ilikuwa na mibofyo 64, karibu nusu ikionyesha Uholanzi na Marekani. Huko sina mteja hata mmoja! Najua Facebook ilifungwa hapa Uganda Januari 2021 na wengi tunaingia kwa VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva, yaani kompyuta, ya nchi nyingine), kwa hiyo nchi inayoonekana ni ya seva, si ya mtu. Lakini nitamtofautishaje mteja wa Ntinda, hapa hapa Kampala, aliye kwenye VPN na roboti, yaani programu za kompyuta zinazofungua linki zenyewe bila mtu? Oda zilikuwa 3 tu.

Halafu mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alinipigia: "Mwanangu, hii linki ni yako kweli au ya matapeli?" Iliniuma, maana hakukosea, linki fupi haionyeshi inakompeleka mtu.

Wenye uzoefu, nisaidieni. Ninunue domeini yangu (jina langu mwenyewe la tovuti) nifupishie humo, au nibaki na linki ndefu na kuongeza alama za UTM mwishoni (maneno yanayoonyesha mtu ametoka tangazo lipi)? Nataka kujua kabla sijalipia matangazo ya Krismasi.