Michoro ya pembeni mwa daftari inaweza kuwa mfarishi?

KaraniWaNgamiani
Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za leo. Mimi ni karani wa stoo hapa Tanga. Nyumbani nina cherehani ya kukanyaga niliyoachiwa na mama mkubwa, na salfeti zima la vipande vya kanga na vitenge nilivyoomba kwa mafundi. Kazini nikishika simu tu, mkono unaanza kuchorachora: konokono, magamba ya samaki, vyumba ndani ya vyumba. Nikitazama naona kabisa huu ni mfarishi, yaani shuka ya viraka. Nikifika nyumbani naichora upya kwa rula kwenye manila, nakata, naunga, kinatoka kitu kimekakamaa kama sare ya mgambo. Uhai unapotelea wapi?

Kijiba
Bosi akikuta konokono kwenye hesabu ya saruji, uhai ndipo utakapopotea hasa 😂

BiMkubwa_Kibokoni
Marahaba mwanangu. Hiyo rula iweke kando. Ukiwa na simu sikioni hujui mchoro utaishia wapi, ndiyo maana unapendeza. Ukishika manila unanakili tu kitu kilichokwisha.

Watazame wanawake wa Kisiddi wa Karnataka, India. Wazee wao walitoka Afrika, wengine huku huku mashariki. Mfarishi wao huitwa kawandi, na hawaanzi kwa kukata miraba. Hutandika sari kuukuu, wakaanzia ukingoni: kipande kinawekwa, kingo zinakunjwa ndani, kinapigwa bandi kwa mkono mpaka kitambaa cha chini. Kisha kinachofuata, wakizunguka hivyo hivyo mpaka wakutane katikati. Rangi ya kipande cha pili huichagua wakishaiona ya kwanza imekaa. Pembe nne hutiwa vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, ndiyo maua yake. Bila hayo husema mfarishi uko uchi.

Basi konokono wako si ndiye huyo? Anza na foronya, usikimbilie shuka. Kanga mpya ifue kwanza itoke wanga. Na kabla ya yote chambua hilo salfeti, maana vitenge vingi siku hizi si pamba. Chomoa uzi uuchome: wa pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu; wa polista hujikunja ukawa tone gumu. Ukichanganya, pasi itakufunza adabu.

MamaViraka_Atlanta
Simbishii Bi Mkubwa, ila mimi bila rula siendi popote, macho yangu yananidanganya. Kwa hivyo vyumba ndani ya vyumba, tafuta picha za mifarishi ya Gee's Bend, Alabama. Wanawake weusi wa kule walishona kwa jinzi na nguo kuukuu za shamba. Mtindo wao mmoja, Housetop, huanza na kipande kimoja katikati, halafu utepe baada ya utepe kukizunguka. Mwaka 2002 mifarishi hiyo ilitundikwa makumbusho ya sanaa ya Houston, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaitia kwenye stempu. Kuza picha uangalie utepe ulioishia njiani: fundi kaunga rangi nyingine pale pale, akasonga mbele. Mimi hapo ndipo ninapokaa kutazama.

KaraniWaNgamiani
Asanteni mno. Nusu ya salfeti ni polista, nimeitenga. Foronya nimeianzia pembeni kwa pindo jekundu la kisutu, na kipande cha tatu kimenishangaza mwenyewe, sikukitarajia. Swali jingine: jina la kanga nilikwepe au nilikate?

BiMkubwa_Kibokoni
Kata, lakini soma kwanza kinachobaki. Mimi nina mto umebakiwa na neno JIRANI peke yake, na wa mlango wa pili hajaja kunywa kahawa tangu auone.

Kijiba
Huo mto unauzwa bei gani?