Kirusi na Kijerumani, kipi kitanitesa kidogo?

Kibuyu_Kipya:
Wakuu habari za mchana. Nimemaliza form six, PCB, matokeo sio mabaya. Sasa mezani nina njia mbili: skolashipu ya serikali ya Urusi ambayo mwaka wa kwanza mzima unapiga lugha tu kabla hujaingia kozi, au Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya unesi Ujerumani ambapo lugha unaisoma huku huku bongo kwa hela yako mpaka ufike B1 au B2, ngazi za kati za lugha, ndo uanze kuongelea viza. Mjomba anasema Kirusi ni balaa, alfabeti yenyewe herufi 33. Nimesoma pia kwamba Wamarekani wanaofundisha mabalozi wao lugha wamekipangia Kirusi wiki 44, saa 1,100 hivi, Kijerumani kiko chini yake. Kwa mtu aliyekua anaongea Kiswahili, kipi kinaingia haraka? Siasa za vita wekeni pembeni, nauliza lugha.

Chumvi_Kidogo:
Kijerumani. Neno la kwanza ushalijua: shule. La pili hela. Yote tuliyachukua kwao.

FundiWaVoronezh:
Mkuu nimekaa Voronezh, huko huko Urusi, miaka sita, naongea ninachokijua. Hizo wiki 44 zisikutishe, zimepimwa kwa mtu wa Kiingereza, wewe sio mtu wa Kiingereza. Herufi ni wiki moja, mbili ukiwa mvivu, na ukishazishika unasoma karibu na zilivyoandikwa, ingawa o isiyo na mkazo wanaisoma a, maziwa yameandikwa moloko unasikia malako.

Halafu kuna vitu utajisikia nyumbani kabisa. Sisi tunasema "mimi mwanafunzi" bila hata kuweka ni, Mrusi hivyo hivyo, ya student, imeisha. Hakuna der ya Mjerumani wala the ya Mwingereza. Jinsia ya nomino inaonekana mwishoni mwa neno kama ngeli inavyoonekana mwanzoni: stol (meza) imeishia konsonanti ni ya kiume, kniga (kitabu) imeishia a ni ya kike, okno (dirisha) ile ya katikati, sio ya kiume wala ya kike. Maneno yanayokiuka yapo ila sio mengi. Mtu aliyekua na ki-vi na m-mi hashtuki akiambiwa kivumishi kimfuate mwenye mali.

Pa kulia ni mkazo. Sisi mkazo wetu uko palepale, silabi ya pili toka mwisho, kwa hiyo wote tukifika tunasema baBUshka wakati wao ni BAbushka. Mwaka wa kwanza nikaingia kiduka cha karibu na hosteli, vile vya kumwambia muuzaji ndo akupe, nataka unga nipige chapati. Unga ni muKA. Mimi nikatamka kibongo, MUka. Yule mama kaniangalia juu mpaka chini, akasema "kwani ulionao hautoshi?" Kumbe MUka ni mateso.

Na namba nazo: mwaka mmoja odin god, miwili dva goda, mitano pyat let. Mwaka ni uleule, umebadilisha nguo mara tatu.

DadaWaZamuYaUsiku:
Fundi anakipigia debe Kirusi kwa sababu keshavuka. Mie niko Ujerumani mwaka wa tatu. Kijerumani mwanzo kitamu, herufi ni zile zile na maneno marefu yanajieleza, glavu ni Handschuh, kiatu cha mkono, hospitali ni Krankenhaus, nyumba ya wagonjwa. Kinakugeukia mbele. Hizo der die das, artikeli za kiume, kike na katikati, mara nyingi hazina alama ya kukusaidia, hapo mezani tu kijiko ni cha kiume, uma ni ya kike, kisu hakimo kokote, na msichana naye ni das, sijui nani alikaa akaamua. Unakariri neno na artikeli yake kama jina la mtu na ubini wake. Yale maumbo ya nomino, yanayobadilika kwa kazi yake kwenye sentensi, yapo manne, Kirusi wanayo sita, haya hapo wamenizidi.

Kilichonikomesha ni kitenzi. Mjerumani anakipasua vipande viwili, kimoja anakitoa mapema, kingine anabaki nacho mdomoni mpaka mwisho wa sentensi. Daktari anapita asubuhi anasema wir setzen das Antibiotikum heute... hapo bado hujajua kitu. Akimalizia ab, dawa inasitishwa. Akimalizia an, dawa inaanza. Na yeye keshageuka anaelekea chumba kingine sauti inaishia koridoni. Mara ya kwanza sikuidaka ile ya mwisho na nikaona aibu kuuliza, nikasimama na trei dakika kumi najifanya napanga vidonge mpaka mwenzangu akapita nikamuuliza kwa kunong'ona. Siku hizi namkimbilia daktari mwenyewe, anifokee akitaka. Na namba wanaanza na za nyuma, 63 ni tatu na sitini, kwa hiyo presha ya 163 usiwahi kuandika, subiri amalize.

MzeeWaKahawa:
Mnagombanisha ndugu. Bruder na brat, Schwester na sestra, Sohn na syn, drei na tri. Mrusi kakopa sana kwa Mjerumani, tai anaiita galstuk kutoka Halstuch, kitambaa cha shingo. Butterbrot kwa Mjerumani ni mkate na siagi, ulipofika Urusi unaweza kuwa na soseji tu, siagi hamna, na bado ni buterbrod. Na pamoja na kukopa kote huko bado Mrusi anamwita Mjerumani nemets, neno la ukoo mmoja na "bubu", kisa wa kale hawakuwa wanamwelewa. Babu zetu walimwita Mdachi yakaisha.

FundiWaVoronezh:
Nilisahau, dogo. Vitenzi vya Kirusi vinakuja jozi jozi. Chital ulikuwa unasoma, prochital umemaliza. Wazo sio geni, tuna nilikuwa nasoma na nimeshasoma, ila sisi tunabadilisha kiungo kimoja tu, huko unakariri kitenzi mara mbili.

Kibuyu_Kipya:
Nimewasoma wote, asanteni sana. Kinachonivuta Urusi ni huo mwaka wa lugha kulipiwa, kozi ya huku mfukoni sijui nitaitoa wapi. Fundi, unga ni upi tena?

FundiWaVoronezh:
muKA, gonga mwishoni. Ila hata ukikosea watakupa tu, wameshatuzoea.